Barua ya wazi kwa Maspika wa mabunge ya kaunti: uchambuzi wa bajeti uanze kabla ya Februari

Kwa Waheshimiwa Maspika wa mabunge 47 ya kaunti nchini Kenya, makarani wa mabunge hayo, wanachama wa bodi za huduma za mabunge ya kaunti, na wenyeviti wa kamati za bajeti.

Waheshimiwa,

Sisi ni watafiti wa uchumi tunaowachambulia wawakilishi wadi bajeti. Karatasi zenye hesabu zinazoletwa bungeni na Hazina ya Kaunti hupitia mezani petu. Tunazijumlisha upya, tunazilinganisha na za mwaka uliotangulia, tunatafuta kilichojificha ndani yake, kisha tunamwandikia mwakilishi maelezo anayoweza kusimama nayo mbele ya waziri wa fedha wa kaunti. Tunawaandikia kuhusu wakati wa kazi hiyo. Mara nyingi mchanganuzi hutafutwa mwezi wa Mei, makadirio yakishawasilishwa, na hutafutwa kwa bidii zaidi Juni. Kufikia hapo sheria imekwisha kuwaondolea ninyi wenyewe sehemu kubwa ya uwezo wa kubadilisha chochote. Tunaomba uchambuzi uanze Oktoba na ufike kilele chake Februari, na tunaomba mtupatie vitu vichache vitakavyouwezesha.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 131 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaruhusu bunge kurekebisha makadirio, ila kila shilingi inayoongezwa mahali lazima ipunguzwe mahali pengine, na marekebisho yaendane na maazimio ya bunge kuhusu Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti. Kisha zikaja kanuni za 2015 za serikali za kaunti. Kanuni ya 37 inasema kwamba nyongeza au punguzo ambalo bunge litafanya katika fungu lolote lisizidi asilimia 1 ya ukomo wa fungu hilo, yaani kiwango cha juu cha fedha kilichowekewa idara. Idara ya barabara ikiwa na ukomo wa shilingi bilioni 1.2, bunge zima, baada ya vikao vyote vya Mei na Juni, linaweza kusogeza shilingi milioni 12 tu. Fedha hizo hazitoshi kilomita moja ya lami.

Ukomo wenyewe hupangwa katika ule waraka wa mkakati, ambao kifungu cha 117 kinataka ufike bungeni kabla ya Februari kwisha, tarehe 28. Hapo sharti la asilimia 1 halipo. Bunge laweza kuazimia kwamba idara ya maji ipewe zaidi na safari na mafunzo yapewe kidogo, na Hazina ya Kaunti inatakiwa kuyazingatia maazimio hayo inapokamilisha bajeti. Uwezo halisi wa bunge juu ya fedha za kaunti uko basi katika siku zile chache za mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Kumwita mchanganuzi Juni ni kumwita fundi wa msingi wakati mabati yameshapigiliwa.

Siku zenyewe ni chache kwelikweli. Sheria inalipatia bunge siku 14 kuupitisha waraka. Ondoeni wikendi mbili, zinabaki siku 10 za kazi. Ndani ya siku hizo waraka uwekwe mezani, upelekwe kwa kamati ya bajeti, kamati za sekta zikutane na idara zao, wananchi wasikilizwe, ripoti iandikwe, ichapishwe, ijadiliwe na ipigiwe kura. Ratiba inayowezekana humpa mchanganuzi siku mbili za mwanzo, hazizidi. Mtu anayeanza na ukurasa mtupu hawezi kuchambua mkakati wa kaunti nzima kwa siku mbili. Ataishia kufupisha alichoandikiwa na Hazina, na mwakilishi atapokea maneno yaleyale ya serikali katika karatasi fupi zaidi. Anayeweza ni yule ambaye majedwali yake yako tayari tangu Januari, na anachosubiri ni kuingiza tarakimu mpya katika safu ya mwisho.

Kalenda ya sheria inaruhusu maandalizi hayo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia 1 Septemba. Mapitio ya bajeti na mtazamo wa uchumi hupelekwa kwa kamati kuu ya serikali ya kaunti kufikia 30 Septemba, nayo ina siku 14 za kuyatazama kabla hayajaletwa kwenu. Mwisho wa Oktoba, basi, mchanganuzi awe anayo, na kutoka humo anakili mambo matatu: mapato yaliyopatikana kwa kila chanzo, fedha zilizotumika kwa kila idara, na sehemu ya bajeti ya maendeleo ambayo haikutumika. Novemba na Desemba anakusanya orodha ya miradi ambayo haijakwisha na madeni ambayo hayajalipwa. Januari anangoja ripoti ya robo ya pili. Kifungu cha 166 kinaitaka Hazina ya Kaunti ilete ripoti kwa bunge ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo kwisha, kwa hiyo hesabu za Oktoba hadi Desemba zinapaswa kufika kufikia mwisho wa Januari. Ripoti hiyo isipofika, karani aandike barua siku ya pili yake, asingoje kamati ikutane.

Katikati ya Februari, kabla waraka wa serikali haujafika, kila mwakilishi awe na karatasi ya kurasa mbili inayojibu maswali matatu. Sera zisipobadilika, ni fedha kiasi gani zitaingia? Kati ya hizo, ngapi zimeshafungwa na mishahara, madeni na miradi inayoendelea? Zinabaki ngapi za kujadiliana? Jibu la swali la tatu huwashangaza wengi kwa udogo wake. Ndiyo maana linafaa kujulikana mapema, kabla ahadi hazijatolewa katika mikutano ya wadi.

Mahali panapotaka jasho zaidi ni mapato ya ndani, yaani ada, leseni na kodi ambazo kaunti inakusanya yenyewe. Mgao kutoka serikali ya kitaifa huwekwa na sheria inayopita Nairobi. Ruzuku zenye masharti nazo huhitaji sheria yake, na mchanganuzi makini hahesabu ruzuku ambayo sheria yake haijapita. Mapato ya ndani ndiyo tarakimu ambayo mtu anaweza kuikuza kwa kalamu bila kumwomba yeyote ruhusa. Sababu ya kuikuza inaeleweka. Ibara ya 212 ya Katiba hairuhusu kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Matumizi yakizidi mapato, njia nyepesi ya kufunga hesabu ni kupandisha makisio.

Tazameni mfano huu. Kaunti ni ya kubuni, hesabu ni za aina tunayokutana nayo kila mwaka. Bajeti ni shilingi bilioni 10. Mishahara ni bilioni 3.5, sawasawa na asilimia 35 ya mapato ambayo kanuni zimeiweka kuwa kikomo. Maendeleo ni bilioni 3, sawasawa na asilimia 30 ambayo kifungu cha 107 kinaitaka kwa kipindi cha muda wa kati. Uendeshaji ni bilioni 3.5. Kwa karatasi kila kitu ni halali. Lakini ndani ya bilioni 10 kuna mapato ya ndani ya bilioni 1.4, ilhali kaunti hiyo haijawahi kukusanya zaidi ya milioni 800. Milioni 600 hazitakuja. Mapato halisi yatakuwa bilioni 9.4. Mishahara haipunguzwi katikati ya mwaka, na dawa, mafuta na umeme havipunguzwi sana. Pengo lote linaangukia maendeleo, ambayo yanashuka hadi bilioni 2.4. Piga hesabu upya: mishahara sasa ni asilimia 37.2, maendeleo asilimia 25.5. Kaunti imevunja masharti yote mawili, na bunge liliidhinisha bajeti iliyoonekana kuyatimiza.

Madhara hayaishii hapo. Miradi ya bilioni 3 ilishatangaziwa zabuni. Kazi ya zile milioni 600 imefanywa, au imefanywa nusu, na mwanakandarasi anadai. Deni hilo linahamia mwaka unaofuata na linatakiwa kulipwa kwanza, kwa hiyo bajeti mpya inaanza ikiwa imeshaliwa. Mkopo ambao Katiba ilikusudia kuudhibiti umepatikana hata hivyo, na mkopeshaji ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyempa mwanakandarasi saruji kwa ahadi. Tukiambiwa tuchague tarakimu moja tu ya kuichunguza katika bajeti yote ya kaunti, tutachagua makisio ya mapato ya ndani.

Kuipima si kazi ngumu, inataka utaratibu. Chukua makusanyo halisi ya kila chanzo kwa miaka minne au mitano kutoka ripoti za Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget), si malengo bali makusanyo. Toa mwaka uliokuwa na msamaha wa riba na faini za kodi ya ardhi, kwa sababu malimbikizo yaliyoingia mwaka huo hayatajirudia. Tenga mapato ya hospitali. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, fedha hizo hubaki kwa kituo kilichozikusanya. Zinanenepesha jumla ya mapato ya ndani lakini haziwezi kujenga barabara wala soko. Kaunti inayosema mapato yake yamepanda huku kilichopanda ni ada za hospitali pekee haijapata shilingi mpya ya kugawa. Na tangu bima ya afya ihamie kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, Oktoba 2024, mchanganuzi anatakiwa kutofautisha madai ya hospitali yaliyowasilishwa na fedha zilizoingia benki. Fedha zilizoingia ndizo pekee za kuhesabu.

Msimu nao una hila zake. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini leseni za biashara na kodi ya ardhi hulipwa zaidi Januari hadi Machi. Mtu akitazama makusanyo ya hadi Desemba akakuta asilimia 35 ya lengo, asikimbilie kusema lengo limeshindikana. Alinganishe na nusu ya kwanza ya miaka iliyopita. Narok ni kinyume, kwa maana ada za kuingia Maasai Mara huja kwa wingi Julai hadi Oktoba nyumbu wanapohama, na nusu ya kwanza iliyojaa haihakikishi ya pili. Ushuru wa mazao hufuata mavuno, na ukame wa msimu mmoja huonekana kwenye vizuizi vya barabarani kabla haujaonekana katika ripoti yoyote.

Baada ya hapo ni swali moja kwa waziri: kitu gani kipya kinaongeza makusanyo? Majibu yanayokubalika ni machache. Kuna daftari jipya la thamani ya ardhi, au sheria mpya, au mfumo mpya wa malipo. Kila jibu liwe na tarehe ya kuanza. Daftari litakalokamilika Machi halileti mapato ya mwaka mzima. Pasipo jibu, mchanganuzi aandike makisio yake pembeni mwa yale ya serikali na aonyeshe tofauti kwa shilingi.

Karatasi ya Februari iwe pia na ukurasa wa mapato yakipungua. Mwaka wa 2024 ulitufundisha sote. Mswada wa Fedha wa kitaifa ulipitishwa 25 Juni, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini, kodi zilizotarajiwa zikakosekana. Mgao wa kaunti uliokuwa umewekwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ukapunguzwa, na baada ya mvutano wa muda mrefu kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa ukatua kwenye bilioni 387.4, pungufu kwa takriban asilimia 3. Bajeti za kaunti zilikuwa zimeshajengwa juu ya kiwango cha juu. Bunge lililokuwa limeamua mapema ni miradi ipi itangoje iwapo mgao utapungua kwa asilimia 3 lingekuwa na jibu mkononi. Lisiloamua huwaachia maofisa wa Hazina waamue, na wao hukata kule ambako hakuna anayepiga kelele.

Sasa kuhusu data. Hati nyingi hutufikia kama PDF za kurasa mia kadhaa, nyingine zikiwa picha za karatasi zilizopitishwa kwenye skana. Kuzigeuza kuwa jedwali linalohesabika kunakula siku ambazo hatuna, na tarakimu huharibika njiani: 3 inasomeka 8, safu inaruka, alama ya desimali inapotea. Hazina ya Kaunti inazo hesabu hizo katika Excel kwa sababu ndiko zilikoandaliwa. Tunaomba bunge lizitake kwa maandishi, zikiwa na namba za akaunti zilezile zinazotumika katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, ili mstari wa mwaka huu uweze kufuatwa hadi mwaka jana hata programu ikibadilishwa jina. Kubadilisha majina ya programu ndiyo njia ya kawaida ya kukata uzi wa historia. Ruhusa mnayo. Ibara ya 195 ya Katiba inalipatia bunge la kaunti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au habari, kwa nguvu kama za Mahakama Kuu.

Orodha ya miradi iwe na safu sita: jina la mradi, wadi, thamani ya mkataba, kilicholipwa hadi sasa, salio, na hatua ya kazi iliyofikiwa. Zahanati iliyoandikwa kwa shilingi milioni 4 bila safu hizo inaweza kuwa jengo jipya, au umaliziaji wa jengo la miaka mitatu iliyopita, au malipo ya kazi iliyokwisha. Tumeona mradi mmoja ukiingia kwenye orodha mara mbili kwa sababu mwaka mmoja uliandikwa kwa jina la kijiji na mwaka mwingine kwa jina la shule iliyo jirani. Salio la mkataba ndilo linaloufichua.

Makadirio yakifika Aprili, kufikia tarehe 30, hatua ya kwanza ni kujumlisha. Jumla ya majedwali ya programu, jumla ya mistari ya kina na jumla ya jedwali la Mswada wa Matumizi (mswada unaoidhinisha fedha zitumike) ziwe sawa hadi shilingi ya mwisho. Zisipolingana, chanzo mara nyingi ni marekebisho ya usiku wa mwisho yaliyoingizwa kwenye kitabu kimoja yakasahaulika kwenye kingine. Na kazi haiishi Juni. Bajeti iliyopitishwa huingizwa katika Hyperion, moduli ya bajeti ya IFMIS, na kinachoweza kutumika ni kile kilichoingizwa humo. Julai bunge liombe taarifa iliyotolewa kwenye mfumo huo, ilinganishwe mstari kwa mstari na sheria iliyopitishwa. Hilo huchukua siku moja ikiwa namba za akaunti zimetumika, na haliwezekani kabisa ikiwa hazikutumika. Bajeti ya ziada ikija, isomwe kwa safu nne: ya awali, mpya, iliyotumika tayari, na sababu. Safu ya tatu ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Azimio la bunge nalo liandikwe kwa tarakimu. "Serikali iongeze fedha za maji" ni azimio ambalo Hazina inaweza kulitekeleza kwa shilingi elfu moja. "Ukomo wa idara ya maji upande kutoka milioni 640 hadi milioni 700, na milioni 60 zitolewe kwenye safari, mafunzo na ukarimu wa idara hizi tatu, kwa viwango hivi" ni azimio linaloweza kukaguliwa Aprili. Kazi ya mchanganuzi ni kukaa na katibu wa kamati na kuyaandika hivyo kabla ripoti haijachapishwa.

Kuna makosa ya uchambuzi pia, na mnastahili kuyajua ili mtudai kazi bora. La kwanza ni kulinganisha bajeti na bajeti badala ya bajeti na matumizi halisi. Idara iliyopewa milioni 500 ikatumia 280, kisha ikapewa 450, inaonekana imepunguziwa, kumbe imeongezewa milioni 170 juu ya ilichoweza kutumia. La pili ni kusahau mfumuko wa bei, hasa kwa dawa na mafuta. La tatu ni asilimia juu ya kitu kidogo: ofisi iliyopanda kutoka milioni 2 hadi milioni 5 imepanda kwa asilimia 150, na hilo linaweza kuiba mjadala mzima huku milioni 300 zikipita ukurasa unaofuata. Karatasi nzuri hutaja shilingi kwanza, asilimia baadaye.

Miswada ya wawakilishi nayo ina gharama. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka mswada wa kifedha uendelee kwa pendekezo la kamati husika baada ya maoni ya waziri wa fedha wa kaunti kuzingatiwa, na bunge lisilo na hesabu yake huishia kukubali ya waziri. Chukueni mswada wa uji kwa watoto wa chekechea, ambayo ni kazi ya kaunti. Watoto 20,000, siku 190 za masomo, shilingi 15 kwa kikombe: milioni 57. Hiyo ni bei ya unga na sukari tu. Ongeza wapishi, kuni au gesi, sufuria, usafirishaji na ghala lisiloingiliwa na panya. Kisha ongeza watoto ambao hawakuwa wakija, maana uji utawaleta. Mwaka wa pili idadi haitakuwa 20,000. Makadirio ya gharama yawe ya miaka mitatu, yataje kila dhana iliyotumika, na yatolewe kabla ya kusomwa kwa mara ya pili.

Sasa tunafika kwenye jambo gumu zaidi kwenu, nalo ni uhuru wa kazi hii. Kwa Bunge la kitaifa, sheria ya 2012 imeianzisha Ofisi ya Bajeti ya Bunge katika kifungu cha 9, na kifungu cha 10 kinaitaka ichapishe ripoti zake ndani ya siku 14 baada ya kuziandaa. Uganda iliianzisha ofisi ya namna hiyo kwa Sheria ya Bajeti ya 2001, na Marekani kwa sheria ya 1974. Kwa mabunge ya kaunti sheria yetu haina kifungu kama hicho. Mchanganuzi wa kaunti anategemea muundo ambao bodi ya huduma za bunge imeuamua, na anaweza kuhamishiwa idara nyingine wiki ambayo karatasi yake imemuudhi mkubwa.

Tunaomba bodi ziunde ofisi ya bajeti yenye nafasi zilizoandikwa katika muundo wa watumishi, na kanuni za kudumu za bunge zitaje mambo manne. Karatasi ya uchambuzi iwafikie wawakilishi wote kwa wakati mmoja, wa upande wa wengi na wa upande wa wachache. Mwenyekiti wa kamati asiwe na mamlaka ya kubadilisha tarakimu. Akiwa na pingamizi, liambatanishwe. Hazina ya Kaunti ipewe nafasi ya kujibu kwa maandishi, na jibu lichapishwe pamoja. Karatasi ionyeshe chaguo na bei ya kila chaguo, bila kupendekeza lipi lichaguliwe. Pendekezo ni la kamati, kwa sababu kamati ndiyo iliyochaguliwa na watu. Mchanganuzi anayeanza kupendekeza anaanza kuwa mwanasiasa asiye na wadi, na upande wa pili utaacha kumwamini hata kwenye hesabu.

Bajeti ya bunge lenyewe ipimwe kwa kipimo kilekile. Ofisi inayochunguza safari za idara zote ikaruka safari za bunge haitasikilizwa.

Kuhusu watu: wachanganuzi watatu ndio wa chini kabisa kwa kazi tuliyoieleza. Mmoja wa mapato na mwelekeo wa uchumi, mmoja wa matumizi na miradi, mmoja wa gharama za miswada. Wawe na ajira ya kudumu. Mkataba unaokwisha pamoja na muhula wa bunge humwondoa mtu pamoja na kumbukumbu za miaka mitano, na anayemfuata huanza kutafuta ripoti za zamani kwa marafiki. Majedwali yakae kwenye seva ya bunge, si kwenye kompyuta ya mtu.

Na kila karatasi iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye fedha za kila wadi, utakaobandikwa kwenye ofisi za wadi na kusomwa katika vikao vya umma. Ibara ya 196 inataka wananchi washirikishwe, na Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu ushirikishwaji haukutosha. Mwananchi hawezi kutoa maoni juu ya kitabu cha kurasa 400 alichokiona asubuhi hiyo.

Mwaka wa 2027 una uzito wa pekee. Waraka wa mkakati utaletwa Februari, bajeti itapitishwa na bunge linaloondoka kufikia 30 Juni, na uchaguzi ni 10 Agosti. Mswada wa Fedha wa kaunti una siku 90 baada ya Mswada wa Matumizi kupitishwa, kwa hiyo katika kaunti nyingi ada na kodi za kufadhili bajeti ya bunge lililopita zitaamuliwa Septemba na wawakilishi wapya ambao hawajawahi kuziona. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano nao unakwisha mwaka huohuo. Ofisi ya bajeti iandae faili la makabidhiano kabla bunge halijavunjwa: makisio ya kila chanzo cha mapato, ada zilizotegemewa, madeni, na miradi yenye mikataba.

Kinachoweza kufanywa kwanza hakihitaji sheria mpya wala fedha. Kila mwaka, kufikia 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wenye ratiba ya maandalizi ya bajeti chini ya kifungu cha 128. Tunaomba kila Spika amwandikie kabla ya tarehe hiyo, akitaka ratiba iongezwe siku tatu: siku ya Oktoba ambayo majedwali ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita yatakabidhiwa bunge yakiwa katika Excel, siku ya Desemba ya orodha ya miradi na madeni, na siku ya Januari ya hesabu za nusu mwaka. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja, na rasimu yake tuko tayari kumwandalia karani yeyote atakayeihitaji.

Wenu katika utumishi,

Watafiti wa uchumi na wachanganuzi wa bajeti za kaunti